Ushauri: Nesi nahamia Texas na familia, nichague Houston, Fort Worth au San Antonio?

MamaNeema

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa mliopo Texas au mliowahi kufanya kazi za wodini kule.

Mimi ni nesi aliyesajiliwa (RN), nipo Minnesota kwenye wodi ya wagonjwa wa moyo. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu. Tuna watoto watatu, na wa pili ana selimundu. Baridi ikishaanza, maumivu yake yanaanza, na wanaoishi huku wanajua baridi ya huku inakaa muda gani. Daktari wake hakutuambia tuhame. Uamuzi ni wetu wenyewe, na tumeshaufanya: tunakwenda Texas.

Kinachotusumbua ni wapi ndani ya Texas. Nimefanya usaili wa simu sehemu tatu. Houston, ndani ya Texas Medical Center, ndio wanaotoa mshahara mkubwa kuliko wote pamoja na bonasi ya kusaini. Fort Worth wanatoa pungufu kidogo, ila wifi yangu anaishi Arlington, jirani na hapo. San Antonio mshahara uko chini, lakini nyumba za kupanga nimeziona ni nafuu.

Najua Watanzania na Wakenya wapo wengi Houston na Dallas, kwa hiyo hilo tuliache. Nataka kujua kazi ilivyo, matibabu ya mtoto, na maisha ya mama ambaye mume wake analala barabarani siku nyingi. Natanguliza shukrani.

Wangari_Katy

Karibu sana Texas dada. Mimi ni nesi Houston, nimehamia hapa nikitoka Massachusetts.

Kwa kazi, Texas Medical Center haina mfano. Ni taasisi zaidi ya sitini katika eneo moja: MD Anderson kwa saratani, Methodist, Memorial Hermann, Ben Taub, na Texas Children's ya watoto. Ukichoka na wodi moja, unavuka barabara unapata kazi nyingine bila kuhamisha watoto shule. Kwa wewe wa wagonjwa wa moyo, utajifunza mambo ambayo hospitali nyingi hazifanyi kabisa. Na Texas Children's wana kliniki ya selimundu yenye madaktari wanaofanya kazi hiyo tu.

Sasa upande wa pili. Manesi wengi hawakai karibu na hospitali kwa sababu kodi ya nyumba iko juu. Tunakaa miji ya pembeni: Katy, Pearland, Missouri City, Sugar Land. Zamu inaanza saa moja asubuhi, na kutoka Katy mimi naondoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja na nusu. Uliza kuhusu maegesho: sehemu nyingi mfanyakazi analipia, na mara nyingine unaegesha mbali halafu unapanda basi la wafanyakazi.

Halafu kuna maji. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilifurisha hata nyumba ambazo kwenye ramani hazikuwa eneo la mafuriko, hasa za nyuma ya mabwawa ya Addicks na Barker huku kwetu magharibi. Kimbunga Beryl cha Julai 2024 kilikata umeme kwa wateja zaidi ya milioni mbili, wengine kwa siku nyingi katikati ya joto. Usipange nyumba Houston kabla ya kumuuliza mwenye nyumba na majirani kama maji yaliwahi kuingia. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Hiyo inakatwa peke yake.

Na hili manesi wageni hawaambiwi mapema: hospitali za huku zinagawa wafanyakazi makundi mawili wakati wa kimbunga. Kundi la kwanza linaingia kabla dhoruba haijafika na kulala humo mpaka ipite, la pili linakuja kupokea. Ukipangwa la kwanza, huendi nyumbani. Kama baba yuko barabarani, watoto watabaki na nani? Uliza kwenye usaili.

NesiWaUsiku_FW

Mimi nitaisemea Fort Worth.

Wifi yako aliyeko Arlington ana thamani kuliko tofauti ya dola chache kwa saa. Nesi anafanya zamu ya saa kumi na mbili, ukijumlisha kuendesha na kukabidhiana wagonjwa inakaribia kumi na nne. Hakuna kituo cha watoto kinachofungua muda huo wote. Aliyefika Marekani bila ndugu karibu anajua ninachosema.

Kwa mtoto mna hospitali ya watoto ya Cook Children's hapa Fort Worth, na Dallas kuna Children's Health wakishirikiana na UT Southwestern. Dallas wamefuatilia watoto wenye selimundu tangu kuzaliwa kwa miongo mingi, wala si wageni wa ugonjwa huu.

Shemeji naye atashukuru. Barabara kuu za I-20, I-30, I-35 na I-45 zote zinapita eneo hili la Dallas na Fort Worth, na kaskazini mwa Fort Worth eneo la Alliance lina maghala, reli ya mizigo na uwanja wa ndege wa mizigo. Anaweza kupata safari za ndani ya Texas akarudi nyumbani mara nyingi zaidi.

Ubaya wake: mvua ya mawe inayoharibu magari, tonado wakati wa machipuko, na kiangazi ambacho joto linapita nyuzi 38 mfululizo. Na mkumbuke Februari 2021, barafu iliangusha umeme sehemu kubwa ya Texas. Baridi ya huku ni fupi, lakini nyumba hazikujengwa kwa ajili yake. Arlington pia haina mfumo wa mabasi kama miji mingine, kwa hiyo kila mtu mzima lazima awe na gari.

Mzee Mpaluka

Kwa selimundu, angalieni pia joto. Mtoto akipungukiwa maji mwilini anaumwa vilevile. Na Texas ndani ya majengo wanapoza hewa kupita kiasi, mtoto anatoka jua kali anaingia darasa la baridi. Sweta liwe kwenye begi hata Agosti, na shule imruhusu kubeba chupa ya maji na kwenda chooni bila kuomba ruhusa. Omba shule ikuandikie mpango wa 504, yaani wa kumsaidia mtoto mwenye ugonjwa kama huu shuleni, ni haki yake kisheria, na jimbo lolote utakalokwenda upo.

Dada_Mkunga

Mdogo wangu MamaNeema, nimekuwa nesi Texas kwa miaka mingi, Houston na Dallas zote. Mji tutaufikia, lakini kwanza mkataba.

Umetoka Minnesota, mna chama cha wafanyakazi chenye nguvu. Manesi elfu kumi na tano waligoma kule Septemba 2022. Texas hospitali nyingi hazina chama. Chache zinacho, kama ile ya Ascension Seton kule Austin, ambako manesi walipiga kura kuwa na chama mwaka huohuo wa 2022. Ngazi ya mshahara uliyoipanda kwa miaka yako ya kazi huji nayo moja kwa moja, unaijadili upya. Kwa hiyo usilinganishe dola kwa saa tu. Ni kweli Minnesota inakukata kodi ya mapato ya jimbo, na kwa kipato chenu sehemu kubwa inakatwa asilimia 6.8, wakati Texas haikati kabisa. Lakini siku mkinunua nyumba, kodi ya majengo ya Texas itawashtua. Kaeni chini na karatasi, mpige hesabu ya mwezi mzima.

Texas haina sheria ya idadi ya wagonjwa kwa nesi mmoja. Sheria ya 2009 inataka hospitali iwe na kamati ya kupanga wafanyakazi, na angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe manesi wa wodini. Sheria za mwaka huohuo zinazuia hospitali kukulazimisha muda wa ziada isipokuwa kwa dharura kama maafa. Kwa hiyo uliza wodi yenyewe: usiku mnakuwa na wagonjwa wangapi kila nesi? Nesi kiongozi wa zamu naye anapewa wagonjwa? Msaidizi akikosekana nani anafanya kazi yake? Omba kukaa wodini saa chache kabla ya kusaini, na ongea na manesi bila meneja kuwepo. Hospitali moja kubwa niliyowahi kufanya ilinipa majibu mazuri sana kwenye usaili, lakini nilipoingia wodini nikakuta nusu ya manesi ni wa mikataba ya muda mfupi. Ningewaona kwa macho saa moja tu ningejua.

Ujue pia Safe Harbor, kinga ya kisheria kwa nesi wa Texas. Ukipewa wagonjwa ambao kwa nia njema unaona huwezi kuwahudumia kwa usalama, unaandika fomu kabla ya kuwapokea, au pale hali inapobadilika katikati ya zamu. Inalinda leseni yako na inakukinga usiadhibiwe kwa kusema. Wenzetu wengi wanaogopa kuitumia. Usiogope.

Lingine: Texas inaruhusu waajiri binafsi kutojiunga na bima ya jimbo ya fidia kwa wanaoumia kazini. Kwa kazi hii ya kuinua wagonjwa, uti wa mgongo ni mtaji wetu. Uliza kama hospitali imo, na kama haimo, mpango wao wenyewe unalipa nini na kwa muda gani.

Na hiyo bonasi ya Houston: soma ni miaka mingapi, na ukiondoka mapema unarudisha yote au kwa uwiano. Uliza pia kama wanadai kabla ya kodi au baada. Kuna manesi wamebaki kwenye wodi mbaya kwa sababu ya deni la bonasi waliyokwisha kuituma nyumbani.

Sasa mji. Fikiria usiku ambao mume wako yuko New Mexico na mtoto ana homa. Wewe ni nesi, unajua homa kwa mtoto wa selimundu haisubiri asubuhi. Nani anabaki na wawili wengine? Unafika hospitali ya watoto kwa dakika ngapi? Mwajiri wako anakuelewaje ukipiga simu saa tisa usiku? Mji unaojibu hayo maswali ndio wenu, hata kama mshahara ni wa pili.

Kijana_wa_Alamo

San Antonio ina sifa zake. Nyumba nafuu, foleni inavumilika, familia nyingi za wanajeshi kwa hiyo wageni wanapokelewa vizuri. Kazi zipo: University Hospital, Methodist, na Brooke ya jeshi. Kihispania kitakusaidia sana, wagonjwa wengi ndicho wanachozungumza. Kwa familia yako lakini, kama hamna mtu huku, ningekubaliana na Dada Mkunga. Njooni kutembea.

MamaFuraha_Abilene

Mama, mimi ni Mkongo, niko Abilene, msaidizi wa wagonjwa na nasomea unesi. Wakimbizi wa Kongo tuko wengi hapa na mji ni mtulivu, kodi ya nyumba ndogo. Nesi anayesema Kiswahili tungempenda sana, watu wetu wanaogopa hospitali kwa sababu ya lugha. Lakini nakuambia kama mzazi: mtoto akihitaji daktari bingwa wa damu, mara nyingi ni safari ya Fort Worth, kilomita kama 240 kwa I-20. Kwa mtoto wako usije huku sasa. Huko Fort Worth na Houston pia kuna Wakongo wengi, utatusaidia ukiwa hukohuko.

MamaNeema

Nimesoma kila neno, na mume wangu nimemsomea kwa simu akiwa amesimama kituo cha mafuta. Hilo swali la homa usiku limetunyamazisha wote wawili. Houston nilikuwa naipenda kwa ajili ya kazi, lakini habari ya kulala hospitalini wakati wa kimbunga, na baba hayupo, kwangu hapana. Sio sasa wakati watoto ni wadogo.

Nimewaandikia Fort Worth wanijulishe kama naweza kukaa wodini kabla ya kusaini. Maswali mawili: leseni, na bima ya mtoto katikati ya kazi mbili.

Dada_Mkunga

Minnesota haimo kwenye makubaliano ya majimbo ya kutambua leseni moja ya nesi, Texas imo. Kwa hiyo unaomba leseni ya Texas kwa msingi wa ile uliyonayo, kupitia bodi ya unesi iliyoko Austin. Utapigwa alama za vidole na utafanya mtihani wa sheria za unesi za Texas mtandaoni. Usome kwelikweli, Safe Harbor imo humo. Anza kabla hujatoa notisi. Ukishakuwa mkazi wa Texas, leseni yako inaweza kuwa ya majimbo mengi.

Bima: uliza tarehe inapoanza, kwa maandishi. Wengine ni siku ya kwanza, wengine mwezi unaofuata, na sheria inaruhusu kusubiri hadi siku 90. Ya zamani unaweza kuendelea nayo kwa COBRA, sheria inayokuruhusu kubaki na bima ya kazi uliyoacha kwa kuilipia mwenyewe. Una siku 60 za kuamua, na ukiamua inahesabika tangu siku ile ya zamani ilipokatika, ila utalipia kipindi chote hicho.

NesiWaUsiku_FW

Na kliniki: mwombe daktari wa sasa atume rufaa na kumbukumbu zote mapema, pamoja na aina ya damu aliyowahi kuongezewa na kingamwili zake kama zipo. Chukua dawa ya haidroksiurea ya kutosha kufika miadi ya kwanza. Wagonjwa wapya husubiri, kwa hiyo piga simu hata kabla hujapata nyumba. Ukipata siku ya kuja kuona wodi niandikie pembeni, nikiwa sipo zamu nitakuendesha kutoka kwa wifi yako, tupite na mitaa ya kusini magharibi uone umbali hadi Cook.

MamaNeema

Asante sana dada. Wamejibu, wamesema Alhamisi ya wiki ijayo, zamu ya usiku. Nakuandikia sasa hivi.