Banda la kwanza Lugogo: nionjeshe bure au niuze tu?

MamaOdi_Gulu
Wadau, habari zenu. Nasaga odi hapa Gulu, karanga na ufuta pamoja, napakia chupa za gramu 400 na za kilo moja. Soko la hapa nimelishika, na Kitgum wanachukua. Sasa kikundi chetu cha akina mama kimelipia banda kwenye maonyesho ya UMA, chama cha wenye viwanda Uganda, pale Lugogo, Kampala, Oktoba hii, na mimi na mdogo wangu ndio tutakaosimama mbele.

Kinachonisumbua ni kuonjesha. Wenzangu wanasema mtu hanunui asichokijua. Mimi nawaza wale wanafunzi wanaoshushwa na mabasi: watalamba, watacheka, wataondoka, na chupa imebaki tupu. Tena nasikia wanunuzi wakubwa hupita humo humo katikati ya umati. Nitawajuaje? Na chupa zipi nibebe, maana nauli ya mzigo hadi Kampala inatafuna faida.

Mzee_wa_Banda
Dada, onjesha, ila kijiko ushike wewe. Ukiacha bakuli mezani umekwisha. Chemsha viazi vitamu, kata vipande vidogo kama kidole gumba, paka odi, choma kijiti, mpe mtu mkononi. Wakati anatafuna ndio wakati wako wa kuuliza: unatoka wapi, una duka? Anayerudisha swali, katoni bei gani, inakaa miezi mingapi, mnaleta kila wiki, huyo mpe kiti na uandike namba yake. Anayesema "tamu sana" huku mkono umeshanyooka tena, mpe tabasamu.

Wenye supamaketi wengi nimewaona asubuhi siku za kazi, kabla spika hazijafunguliwa. Saa hizo usitoke bandani hata kwa chai. Chupa za kilo leta chache za kuonyesha tu. Aliyekuja kutembeza watoto habebi kilo nzima mpaka jioni.

Nakku_Kla
Mimi sigawi. Kipande shilingi 500, anayetaka alipe.

Mzee_wa_Banda
Nakku, unamtoza mwenye supamaketi mia tano?

Nakku_Kla
Mwenye supamaketi hashindwi na mia tano, mzee wangu. Anayeshindwa ni yule yule ninayemkwepa.

FundiMsindikaji
Mnabishana kuhusu kijiti, jua mmelisahau. Chupa zikipigwa na joto mafuta yatapanda juu, vidole viwili hivi, na chini patakuwa pagumu. Sisi tuliolelewa na malakwang, ile mboga ya Kiacholi inayopikwa kwa odi, tunakoroga na kula. Mteja aliyezoea siagi ya karanga ya kiwandani atadhani imeoza, kwa sababu ile nyingi huwekewa mafuta magumu ya kuishikilia isitengane. Kwa hiyo: lebo iseme "koroga kabla ya kula", chupa za mezani ziwe chache, katoni zikae kivulini chini ya meza. Usiku zigeuze kichwa chini kama vifuniko havivuji. Jaribu nyumbani kwanza, usije ukaoga odi.

La pili, makaratasi. Mnunuzi wa maana ataangalia alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kabla hajaonja. Halafu atauliza sumukuvu, yaani aflatoxin, sumu ya ukungu wa karanga. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na aina ya B1 isizidi 5. Nakala ya majibu ya maabara iwe ndani ya faili, hapo hapo bandani. Ukimwambia "nitakutumia", anahamia banda la jirani.

Wa_Busia
Naongezea. Wakenya watakuja. Usikimbilie kuwaambia eti kuuza nje ni kazi ya makampuni. Mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha ya pamoja ya Afrika Mashariki, una cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Mwambie mteja aulize forodha kabla hujapakia gari.

MamaOdi_Gulu
Asanteni sana, mmenifungua macho. Alama ya Q tunayo kwa karanga tupu. Mchanganyiko na ufuta bado uko maabara. Nao niulete?

FundiMsindikaji
Hapana, mama. Mkaguzi akipita atabeba chupa na heshima yenu. Leta karanga tupu, na huo wa ufuta uje mwakani.

MamaOdi_Gulu
Inaniuma, ufuta ndio wanaoupenda. Basi karanga tupu, gramu 400, na kopo jipya la gramu 150 kwa wenye watoto. Siku za kazi nitaonjesha bure kama mzee alivyosema, wikendi nafuata ya Nakku.

Nakku_Kla
Sawa, dada. Bei ya rejareja bandika mezani, ya jumla kaa nayo kwenye daftari. Namba ya MoMo, ya kulipia kwa simu, iandike kwa herufi kubwa, na uje na sarafu za mia tano. Mchana ukifika, pale ndani chenji hakuna, majirani watakuwa wanakuja kuomba kwako.