Shokapu sita, kumbe springi imekatika! Mafundi, futi kamba inauzwa bei gani?

Wakuu, mnisamehe, naandika nikiwa na hasira.

Nina Hilux ya 1992, singo kebini ya dizeli, ile ya springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) mbele na nyuma. Aliniachia mzee. Inanibebea viazi hapa Njombe. Mwezi wa tatu ikaanza kulala upande wa dereva. Ukiondoka na gia namba moja, nyuma inagonga ngo! Ukishika breki, ngo tena. Barabarani lazima niushikilie usukani kulia ndipo inyooke. Bodaboda mmoja akanipita akicheka: "Mzee, gari yako inatembea kama kaa."

Nikaenda gereji. Fundi hakuinama. Narudia, hakuinama! Alikanyaga bampa ya nyuma mara mbili, akasema shokapu zimekufa. Nne, laki tatu na ishirini, ufundi mbali. Wiki haikuisha, gari imelala vilevile. Kurudi, naambiwa nimeuziwa feki, ninunue tena za nyuma mbili. Nikanunua. Ikafuata alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, mara mbili. Mwisho akaja na hili: chesisi imepinda, andaa milioni moja na nusu.

Jamani, shokapu haibebi gari! Mzigo unabebwa na springi, shokapu inaituliza tu isirukeruke. Gari imesimama, haina hata gunia, imelala upande mmoja, hapo shokapu inaingiaje? Hata mimi nisiyejua kushika spana nilipaswa kujiuliza kabla ya kutoa hela. Haya.

Jumapili nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza matrekta. Kaingia chini na futi kamba, kapima kutoka pini ya mbele ya springi hadi kwenye ekseli, kushoto, kisha kulia. Sentimita mbili tofauti. Hakusema kitu. Akaomba brashi ya waya, akasugua udongo pale yubolti, zile bolti za umbo la U, zinapobana springi kwenye ekseli. Senta bolti, ile ya katikati inayofunga majani pamoja na kuishika ekseli mahali pake, imekatika, ekseli imerudi nyuma upande wa kulia, ndiyo maana ya ule mwendo wa kaa. Na jani la tatu limevunjika palepale kwenye tundu la bolti.

Alipolitoa akanipa nilishike. Pale lilipokatikia pana kutu nyeusi karibu pote, ni ukingo mwembamba tu unaong'aa. "Huu ufa ni wa siku nyingi," akasema. "Ulikuwepo kabla hujanunua hizo shokapu."

Jani la mtumba, senta bolti, yubolti mbili mpya na ufundi: elfu tisini na tano. Kaniagiza nirudi baada ya kilomita 500 azikaze tena hizo yubolti.

Najua mtasema lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Ndiyo, nabeba lumbesa, springi nimeivunja mwenyewe, sikatai. Ila hela ya shokapu sita nimeliwa mchana kweupe na mtu ambaye hakuchafua hata magoti.

Na zile nne za zamani, alizozitoa yule fundi wa gereji? Hazikuwa zinavuja hata tone. Leo nimezifuata, naambiwa ziliuzwa chuma chakavu. Sawa. Sasa natoka pale getini napishana na pikapu nyeupe ya hapohapo gereji, naangalia chini kule nyuma, naona shokapu za bluu. Bluu ile niliipaka mimi, kwa rangi iliyobaki ya geti la nyumbani.