Mashine ya kupulizia rangi ndani ya nyumba: inafaa, au nibaki na rola?

Mkazi wa Goba (mwuliza swali)

Habari zenu, ndugu zangu. Ninamalizia nyumba ya vyumba vitatu huku Goba, Dar es Salaam, na nimefika kwenye rangi ya ndani. Skimu (lipu laini ya mwisho ukutani) imekwisha na imepigwa msasa, dari za jipsamu zimefungwa, madirisha ya alumini yako mahali pake, na marumaru zimewekwa sebuleni na jikoni, ila vyumbani bado ni sakafu ya saruji tupu. Nyumba haijahamiwa.

Fundi wangu anataka kutumia rola na brashi kama alivyozoea. Mdogo wangu anayeishi Marekani ananiambia kwamba huko watu wengi hukodi au hununua mashine ya kupulizia rangi, wakamaliza chumba kizima kwa muda mfupi, na yuko tayari kunitumia moja. Kabla sijamjibu ningependa kufahamu mambo haya: je, kuta hutoka vizuri zaidi kwa mashine kuliko kwa rola? Je, ni kweli kwamba mashine hula rangi nyingi? Na je, mashine iliyonunuliwa Marekani itafanya kazi kwa umeme wetu? Ningefurahi kusikia kutoka kwa mafundi na kwa wenye nyumba waliokwisha kuitumia.

Fundi rangi, Tabata

Ndugu yangu wa Goba, hongera kwa kufika hatua hiyo. Nafanya kazi hii kwa mashine na kwa rola, na jibu langu linategemea zaidi hali ya nyumba yako kuliko uzuri wa mashine yenyewe. Nyumba tupu, yenye dari nyeupe kila chumba na sakafu za vyumbani ambazo bado hazijawekwa marumaru, ndiyo inayoifaa mashine. Kama ungekuwa umekwisha kuhamia, ningekuambia moja kwa moja ubaki na rola.

Kwanza fahamu ni mashine gani mdogo wako anayoizungumzia, kwa sababu zinazoitwa kwa jina hilo moja ni za aina tatu. Kuna bunduki ya kompresa, ile wanayotumia mafundi wa magari gereji na mafundi wa samani pale Keko. Hiyo inasukuma rangi kwa upepo, inatoa ukungu mwingi sana, na kwa kuta za chumba kilichofungwa siipendekezi kabisa. Kuna mashine ndogo ya mkononi yenye feni yake, ambayo ni nzuri kwa milango, grili na makabati, lakini rangi ya maji ya ukutani ni nzito mno kwake. Ukiipunguza kwa maji mpaka ikubali kupita, inakuwa nyepesi kiasi cha kutofunika, na unajikuta unapiga mkono (yaani mpako) wa tatu na wa nne. Ya tatu ni pampu isiyotumia upepo, inayoibana rangi yenyewe kwa nguvu kubwa na kuitoa kupitia tundu dogo sana. Kwa kuta na dari, hiyo ndiyo mashine.

Pampu hiyo hufanya kazi kwa presha ya kati ya psi (kipimo cha presha) 2,000 na 3,000 hivi, wakati tairi la gari dogo lina psi 30 na kidogo. Nalisema hili mapema kwa sababu watu huichukulia kama kopo la dawa ya mbu. Rangi inayotoka kwa presha hiyo hupenya ngozi, na hupenya hata glavu. Kidonda chake huonekana kama alama ndogo ya sindano, huenda kisiume sana mwanzoni, na mtu hujifunga kitambaa akaendelea na kazi. Kumbe rangi imekwisha kusambaa ndani ya kidole na inaua nyama taratibu. Hilo ni jambo la kwenda hospitali kubwa saa ileile na kumweleza daktari kwamba ni rangi iliyoingia kwa presha, kwani mara nyingi huhitaji upasuaji wa haraka. Kwa hiyo usiweke kamwe kidole mbele ya ncha inayotoa rangi, na unapotaka kuizibua, zima mashine, toa presha yote, funga kifungo cha usalama, ndipo uishike.

Kuhusu ncha, utaona imeandikwa namba kama 517. Tarakimu ya kwanza ukiizidisha kwa mbili unapata upana wa mpulizo kwa inchi, yaani inchi 10, ukisimama umbali wa kama sentimita 30 kutoka ukutani. Tarakimu mbili za mwisho ni ukubwa wa tundu kwa sehemu za elfu moja za inchi. Kwa rangi ya maji ya kuta, 515 hadi 519 inafaa. Kwa vanishi na rangi ya mafuta ya milango chukua ndogo zaidi, kama 311 au 313. Rangi lazima ichujwe kabla ya kuingia kwenye pampu, hata ikiwa ndoo imefunguliwa sasa hivi, maana kipande kimoja cha utando uliokauka kinatosha kusimamisha kazi. Soksi ya nailoni ya kike inachuja vizuri.

Anza kwa kupulizia kwenye boksi lililofunguliwa, si ukutani. Weka presha chini, kisha ipandishe kidogo kidogo ukitazama umbo la mpulizo. Presha ikiwa ndogo utaona rangi imejikusanya pembeni kama mistari miwili mizito, na katikati ni nyepesi. Mistari hiyo ikitoweka, umefika, na usiongeze tena, kwa sababu kila unachoongeza baada ya hapo ni ukungu unaopotea hewani. Ukiwa umefika mwisho wa presha na mistari bado ipo, basi ama rangi ni nzito ama ncha imechakaa. Mkono utembee sambamba na ukuta. Ukiuzungusha kama mtu anayefagia uwanja, katikati patajaa na pembeni patakosa. Anza kusogeza mkono kabla ya kubonyeza, achia kabla ya kusimama, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

Sasa swali lako la kwanza. Kwenye dari ya jipsamu, mashine hutoa uso laini ambao rola haiufikii. Kwenye ukuta uliopigwa skimu naomba unisikilize vizuri: skimu huacha vumbi laini hata baada ya kufutwa, na rangi iliyopuliziwa hukaa juu ya vumbi hilo badala ya kushika ukuta. Baada ya miezi kadhaa unabandua tepu na rangi inatoka nayo. Ndiyo maana mkono wa kwanza, ambao ni praima au rangi iliyopunguzwa, mtu mmoja hupulizia na mwingine hufuata nyuma yake papo hapo na rola akiisugua iingie ukutani. Fundi wako wa rola bado ana kazi, tena kazi kubwa.

Kuhusu ulaji wa rangi, ni kweli. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 3: kuta zake ni mita za mraba 45, ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 41. Lita moja ya rangi ya maji nzuri hufunika karibu mita za mraba 10, hivyo unahitaji lita 4 kwa mkono mmoja, lita 8 kwa mikono miwili. Kwa mashine, mimi humwambia mteja aongeze robo, awe na lita 10. Sehemu ya robo hiyo hupotea kama ukungu, na sehemu hubaki kwenye mashine. Mpira wa kupitishia rangi wa mita 15 wenye tundu la robo inchi peke yake hubeba karibu nusu lita.

Fundi umeme, Kigamboni

Nitajibu la umeme tu. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), wetu ni volti 230 na hezi 50. Ukiichomeka mashine hiyo moja kwa moja kwenye soketi yako, mota itaungua. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye mashine, kwa sababu mota huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza. Hata hivyo transfoma hurekebisha volti, hairekebishi hezi. Mota yenye kaboni haijali sana, lakini ile isiyo na kaboni inayofuata hezi za umeme wa ukutani itazunguka polepole zaidi na inaweza kupata moto kupita kiasi. Gharama ya transfoma na ya usafiri ukizijumlisha, naona ni afadhali mdogo wako akutumie fedha ukakodi au kununua hapa ya volti 230, ambayo hata ncha na vichujio vyake ni rahisi kupatikana.

Usisahau pia waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini. Rangi inayopita kwa kasi ndani ya mpira huzalisha umeme tuli, na ikiwa ni rangi ya mafuta yenye tina (dawa ya kuyeyushia rangi), cheche moja ndani ya chumba chenye mvuke inatosha kuwasha moto. Plagi isikatwe pini ya ethi.

Mama mwenye nyumba, Mbezi Beach

Kaka yangu, mafundi wamekueleza ya kwao, mimi nikueleze ya mwenye nyumba. Tulipulizia rangi nyumba yetu tukiwa tumekwisha kuhamia, na kazi yenyewe ya kupulizia ilikuwa fupi kweli. Iliyokuwa ndefu ni ya kufunika. Kila swichi, kila soketi, fremu za alumini, wavu wa mbu, feni za dari, bawaba za milango, sketingi na marumaru zote zilibidi zifungwe kwa nailoni na tepu ya karatasi, na mahali popote palipoachwa wazi ukungu wa rangi ulipita. Ukungu ule hauonekani ukitua; unauona ukipitisha kiganja juu ya kioo na kuhisi chembechembe kama mchanga. Kwa hiyo ukipatana na fundi, patana pia ni nani anayefunika na kwa vifaa vya nani, kwa maana wengine hutaja bei ya kupulizia pekee.

Jambo la pili ni watoto. Ukuta uliopuliziwa tu, bila rola kupita, ukija kuchafuliwa na kalamu ukarudishia rangi kwa brashi, kiraka kinaonekana mchana kweupe kwa sababu uso wake ni tofauti. Palipopita rola, kiraka hakionekani sana. Na ikiwa kuna mwenye pumu ndani ya nyumba, asilale humo mpaka harufu na ukungu vitoweke kabisa. Barakoa ya kitambaa haimsaidii hata fundi mwenyewe, sembuse mgonjwa.

Mkazi wa Goba

Nawashukuru sana, dada yangu na mafundi wangu. La mashine ya Marekani nimeliacha. Nitatafuta ya kukodi hapa hapa. Nina maswali mawili ya mwisho kwa fundi wa Tabata. Mke wangu angependa kila chumba kiwe na rangi yake, na sebule iwe na ukuta mmoja wa rangi tofauti. Je, mashine inaweza kufanya hivyo? Na je, nisubiri mvua za masika zipite kwanza?

Fundi rangi, Tabata

Inaweza, lakini hapo ndipo faida yake inapoisha. Kila unapobadili rangi ni lazima usafishe pampu, mpira, bunduki na vichujio mpaka maji yatoke safi, na ile nusu lita iliyo kwenye mpira usipoirudisha kwenye ndoo kwa uangalifu unaipoteza. Kwa hiyo ningefanya hivi: mashine ipige dari zote za nyumba, kisha praima kwenye kuta zote rola ikifuata nyuma, kwani hizo ni rangi moja kwa nyumba nzima na hakuna cha kusafisha katikati. Baada ya hapo rudisha mashine ulikoikodi, na rangi za mke wako, pamoja na ule ukuta wa sebuleni, fundi wako azipige kwa rola, mikono miwili. Kwa mpango huo dari zako zinatoka laini, rangi ya bei kubwa haipotei hewani, na fundi wako hanyang'anywi kazi. Marumaru za vyumbani zisubiri rangi. Za sebuleni na jikoni zifunikwe kwa turubai zito, si magazeti, maana rangi ikidondoka nyingi hupenya gazeti.

Masika ningesubiri ipite kama hakuna haraka ya kuhamia. Kati ya Machi na Mei hewa ya hapa Dar es Salaam hubeba unyevu mwingi, rangi hukauka polepole, na ukuta uliofungiwa unyevu kwa rangi hutoa ukungu mweusi kwenye pembe. Mahali popote ambapo plasta imerudiwa hivi karibuni, papewe walau wiki nne pakauke, la sivyo chumvi ya saruji itasukuma rangi kutoka ndani. Pulizia asubuhi kabla upepo wa bahari haujapata nguvu, na feni zizimwe, kwa sababu upepo hukausha matone kabla hayajafika na kuuacha ukuta ukikwaruza kama msasa.

Siku ya mwisho, maji ya kuoshea mashine usiyamwage kwenye mtaro wa mvua. Yaache kwenye ndoo usiku kucha rangi itulie chini, tumia ya juu kuosha brashi na rola kwa mara ya kwanza, na tope linalobaki liache likauke ndipo liende na taka.