Wazazi wa DC, shule za chata (charter) za Ward 8, yaani kata ya 8, mnazionaje?

MamaTatu: Habari zenu wadau. Nimehamia Anacostia, Ward 8 hapa Washington DC, mwanangu wa mwisho anatimiza miaka 3 Juni kwa hiyo Agosti anaweza kuanza chekechea. Jirani kaniambia achana na shule ya serikali ya mtaani kwenu peleka chata, ni bure ila unaingia bahati nasibu. Sasa nimeangalia mtandaoni, ya karibu ina nafasi kibao na alama zake za hesabu aibu tupu, ya mbali nzuri ila foleni ya kusubiri balaa. Hiyo yenye nafasi ndo mbovu au?

BabaWaPetworth: Karibu dada. Chata ni hela ya serikali ila zinajiendesha zenyewe, zipo tangu 1996 na sasa karibu nusu ya watoto wa shule za umma DC wako huko. Alama zisikutishe sana, ule mtihani unaotoa hizo alama unaanza darasa la 3, na shule inayopokea watoto waliobaki nyuma kimasomo ikawasogeza bado itaonekana chini ya ile iliyopokea watoto wa wenye nazo, kwa hiyo tafuta sehemu ya ukuaji, yaani mtoto kasogea kiasi gani kwa mwaka. Kinachonitisha mimi ni hizo nafasi kibao. Hela inafuata kichwa, wanahesabu watoto Oktoba, shule ikipungukiwa kila mwaka inapunguza walimu halafu siku moja unasikia imefungwa. 2024 ipo chata ya Congress Heights, hukohuko Ward 8, ilifunga Agosti, siku chache tu kabla ya masomo kuanza, wazazi wakaanza kuhaha. Waulize mwaka juzi walikuwa wangapi na sasa wangapi.

BintiMkunazini: Mie wangu alikuwa kwenye ile ya alama za juu, jamani kila wiki napigiwa simu njoo umchukue kakorofisha, mtoto wa miaka 6! Nikamhamisha. Nenda saa ya kutoka usimame nje, wasikilize walimu wanavyoongea na watoto, na uliza walimu wangapi wameondoka mwaka jana, wakianza kujiumauma ushajua. Fomu ya bahati nasibu inabeba hadi shule 12, anza na unayoitaka kwelikweli usijitie ujanja, mwisho ni mwanzoni mwa Machi. Akishaingia mmoja mdogo wake anapata kipaumbele.

KijanaWaTanga: mimi niko Silver Spring naweza kuomba?

BabaWaPetworth: Hiyo Maryland mdogo wangu. Wakazi wa DC wote wapite kwanza, na ukibahatika unalipa ada.

MamaTatu: Asanteni sana. Huyu ndo wa mwisho sina mdogo wake wa kumpisha 😂 Hivi hata ile ya mtaani chekechea ni bahati nasibu?

BintiMkunazini: Ndio shoga, kwa miaka 3 na 4. Uhakika wa ya mtaani ni kuanzia miaka 5, kwa hiyo hata ukikosa kote sasa, akifika 5 hutalala nje.

MamaTatu: Basi Jumatano nikitoka kazini naenda kusimama getini.