Je, ni sahihi kuwalisha mifugo mahindi yenye kuvu?

Mwanafunzi_Kongwa:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimeanza masomo ya astashahada ya kilimo na mifugo, na katika somo la utangulizi wa lishe ya mifugo mkufunzi alituambia kwamba mahindi yaliyoota kuvu hayafai kupewa mnyama yeyote. Darasani jambo hilo lilipita bila ubishi, lakini nyumbani ninakotoka haliwezi kupita kirahisi hivyo. Wakati wa kuchambua mahindi ya kusaga, kina mama huweka pembeni punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizobunguliwa, na hizo ndizo chakula cha kuku. Pumba zinazotoka mashineni nazo huenda kwa ng'ombe wa maziwa na kwa nguruwe. Hakuna anayeona ubaya wowote, kwa kuwa kuku hawafi papo hapo na ng'ombe anaendelea kukamuliwa kama kawaida.

Naomba kufahamishwa iwapo madhara ni sawa kwa kuku, nguruwe na ng'ombe, na iwapo kuchemsha kunasaidia. Kama kweli hayafai kabisa, naomba pia kujua yapelekwe wapi, maana katika mwaka wa njaa si rahisi kumwambia mtu atupe debe zima la mahindi.

Tabibu_Mifugo:

Mkufunzi wako yuko sahihi. Kinachohofiwa hasa ni sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus pamoja na jamaa zake. Sumu hii ilianza kufahamika kutokana na mifugo: mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usioeleweka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo kilikuwa mashudu ya karanga, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yaliyoagizwa kutoka Brazili.

Madhara hayalingani kwa wanyama wote. Vifaranga wa bata na bata mzinga hudhurika upesi kuliko kuku, na nguruwe wachanga nao ni dhaifu sana mbele ya sumu hii. Ng'ombe mkubwa huistahimili zaidi, ingawa ndama hana uwezo huo. Kiungo kinachoumia kwanza ni ini, na ukimpasua kuku aliyekula sumukuvu kwa muda mrefu mara nyingi utakuta ini limepauka au limekuwa la manjano, tena ni laini na hupasuka kirahisi. Kwamba kuku hawafi papo hapo si ushahidi wa usalama. Kiwango kidogo cha kila siku hupunguza ukuaji na utagaji, na hudhoofisha kinga ya mwili kiasi kwamba kuku aliyechanjwa dhidi ya kideri anaweza asipate ulinzi uliotarajiwa. Mfugaji huishia kulaumu chanjo, au aliyemuuzia chanjo, na pipa la chakula halikaguliwi.

Kwa ng'ombe wa maziwa kuna jambo la ziada. Sehemu ya sumu anayokula hubadilishwa mwilini mwake na kutoka katika maziwa ikiwa na umbo linaloitwa aflatoksini M1, kwa kiasi cha takribani asilimia 1 hadi 6 ya aflatoksini B1 (aina kali kuliko zote) aliyokula, na anayekamuliwa maziwa mengi ndiye hupitisha zaidi. Huonekana katika maziwa ndani ya siku moja, na ukibadilisha chakula hupungua na kwisha baada ya siku chache. Kwa hiyo punje zile ambazo mama alizitoa katika ungo ili watoto wasizile zinaweza kuwarudia watoto haohao katika kikombe cha maziwa, na kuyachemsha maziwa hayo hakuziondoi.

Mama_Vifaranga:

Ninafuga kuku wa mayai mkoani Morogoro na ninachanganya chakula mwenyewe, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa vitendo.

Kuchemsha au kukaanga hakuondoi sumukuvu, kwa sababu joto la jiko la kawaida huua kuvu na kuiacha sumu yenyewe ikiwa salama salimini. Kuosha na kuanika upya hakutibu mahindi ambayo tayari yana sumu, ingawa kuanika huzuia isiongezeke. Wapo pia wanaoyapeleka mahindi hayo kwa wapika pombe za kienyeji, na hapo napinga vikali, kwa kuwa uchachushaji hauwezi kutegemewa kuimaliza sumu hiyo.

Nimeona swali limejengwa juu ya punje chafu, ilhali mimi ninaogopa pumba zaidi. Sumu hukaa kwa wingi katika ganda na kiini cha punje, na hizo ndizo sehemu zinazotolewa mahindi yanapokobolewa. Ukikoboa, sembe hubaki na sumu kidogo kuliko mahindi yalivyokuwa, na pumba hubeba sehemu kubwa ya iliyobaki. Mfugaji anayenunua pumba hajui zimetokana na mahindi ya nani wala yalihifadhiwaje. Mimi huuliza mashineni, hunusa, na zikiwa zimeshikamana mabonge au zina joto ndani ya gunia sizinunui hata zikiwa za bei ya kutupa. Mashudu ya karanga na ya pamba yanahitaji tahadhari ileile.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba macho yanatosha. Kuna mahindi yenye kuvu ambayo hayana sumukuvu, na kuna mahindi yanayoonekana safi ambayo yana sumu. Tena sumu haisambai sawasawa: punje chache ndani ya gunia zinaweza kubeba karibu sumu yote, ndiyo maana sampuli ya kiganja kimoja inayopelekwa maabara haiwezi kulisemea gunia zima.

Kuhusu mahali pa kuyapeleka, punje zilizooza zifukiwe ardhini kwa kina ambacho kuku hawawezi kuchakura, au zichomwe mbali na makazi.

Mwanafunzi_Kongwa:

Ninawashukuru sana. Maelezo ya Mama Vifaranga yamenizalia swali jingine. Kliniki tunafundishwa kwamba dona lina virutubisho vingi kuliko sembe, na kwamba uji wa mtoto uchanganywe na karanga. Ikiwa sumu hukaa katika ganda na kiini, na karanga nazo hushambuliwa, je, ushauri huo tuuache?

Afisa_Lishe:

Usiuache. Dona lililosagwa kutokana na mahindi makavu yaliyochambuliwa vizuri linabaki kuwa chakula bora, kwa kuwa kukoboa huondoa nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Karanga nazo humpa mtoto mafuta na protini ambazo uji mtupu hauna. Ila ni kweli kwamba unga wa lishe uliotengenezwa kwa mahindi na karanga huunganisha mazao mawili yanayoongoza kwa kushambuliwa na kuvu huyu, na mlaji wake ni mtoto mwenye mwili mdogo anayekula chakula hichohicho kila siku. Mchambue karanga kabla ya kuzisaga, mkiondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizo chungu. Msiandae unga wa miezi mitatu kwa mkupuo mmoja. Mahindi yasipoaminika, ninaona ni busara kuyakoboa mwaka huo na kutafuta virutubisho katika maharage, mboga za majani na dagaa, au kuchanganya ulezi na uwele, ambavyo kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi.

Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi kwa viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, na kati ya hizo B1 isizidi 5. Anayekula sumu nyingi kwa mara moja huumia ini ghafla, kama ilivyotokea mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Anayekula kidogo kwa miaka mingi yuko katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye maambukizi ya homa ya ini B.

Mkulima_Makueni:

Naomba kuongezea kutoka upande wa Kenya. Mwaka 2004 sisi wa Makueni na wenzetu wa Kitui ndio tulioathirika zaidi katika mkasa wa sumukuvu ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Wachunguzi walibaini kwamba waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Hapo ndipo ningependa mwanafunzi wetu aelekeze macho, kwa sababu yote yaliyojadiliwa hapo juu yanahusu mahindi ambayo yameshaharibika.

Mahindi hushambuliwa yakiwa bado shambani, hasa ukame unapoyakuta wakati wa kujaza punje na wadudu wanapoyatoboa. Kwa hatua hiyo kuna Aflasafe, ambayo ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ileile asiyetengeneza sumu. Humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa mbelewele, ili kuvu huyo mwema awahi nafasi ya yule mbaya. Baada ya kuvuna, anika juu ya turubai na kamwe si juu ya udongo, na usipukuchue kwa kuyapiga magongo ndani ya gunia, kwa kuwa punje iliyopasuka ni mlango wazi.

Unyevu unaotakiwa kabla ya kuhifadhi hauzidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo achukue chupa kavu ya kioo, aijaze mahindi hadi theluthi moja, aongeze vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa, aitikise kwa dakika chache kisha aiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isipoganda, mahindi yako chini ya kiwango hicho, ila ningeongeza bado siku moja au mbili za jua kabla ya kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa, kwa maana mifuko hiyo huua wadudu lakini haikaushi chochote, na unyevu unaoufungia ndani utaukuta humo humo.