Mrejesho: konvata ya gari langu la mbio za robo maili

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifunge konvata ipi (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi ya otomatiki kwa kutumia oili), maana ile ya kiwandani ilikuwa inashika, yaani inaanza kusukuma gari kwa nguvu, injini ikiwa mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, na kamshafti yangu (shafti inayofungua vali za injini) haiamki mpaka 3,500. Taa ya kijani ikiwaka, gari linajikongoja.

Mlinikataza kuchagua kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, na mlikuwa sahihi. Kumbe konvata ileile hushika juu zaidi ikifungwa kwenye injini yenye nguvu, na chini kwenye injini dhaifu. Basi nikampa fundi uzito wa gari, aina ya kamshafti, difu ya 4.10 (shafti ya kutoka giaboksi inazunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko wa tairi) na tairi za inchi 28, akanitengenezea ya kushika 4,000. Muda wa futi 60 za kwanza umeshuka kutoka sekunde 1.85 hadi 1.66!

Hofu yangu ilikuwa konvata kuteleza mwishoni mwa mbio, yaani injini kuzunguka haraka kuliko giaboksi. Nikapiga hesabu: kwa maili 110 kwa saa, gia ya juu ikiwa moja kwa moja (1:1), bila konvata kuteleza injini ingesoma kama mizunguko 5,410. Geji ilisoma 5,800. Karibu asilimia 7, nimeridhika.

Kilichonitoa jasho ni joto. Siku ya kwanza nilichomoa kijiti cha oili ya gia, nikakuta imegeuka kahawia na inanuka kuungua. Kosa langu, nilitegemea rejeta peke yake kuipoza. Sasa nimemwaga oili yote na kufunga kipoza oili cha pembeni chenye feni yake.

Barabarani, lakini, linanguruma kwanza ndipo lisogee. Hilo mlinionya, nikacheka.