Naomba ushauri: mimi ni kipa wa Ligi Kuu ya Wanawake, nimepata timu Uarabuni, je, niache ajira yangu?

Mlinda Lango: Habari zenu wakuu. Mimi ni dada ninayedaka katika Ligi Kuu ya Wanawake hapa Bara, na huu ni msimu wangu wa sita. Nimeajiriwa na taasisi inayomiliki timu, kwa hiyo mshahara wangu hausubiri matokeo ya uwanjani, na mama yangu anatibiwa kwa bima yangu. Sasa kuna wakala aliyenipatia klabu Uarabuni, mkataba wa mwaka mmoja, kwa mshahara unaokaribia mara nne ya huu wa sasa. Kuna jambo dogo la makaratasi linalochelewesha safari, lakini linashughulikiwa. Swali langu ni moja tu: niache ajira niende, au nibaki? Wiki ya pili hii sipati usingizi. Naomba msinitukane.

Mzee wa Gerezani: Nenda, binti yangu. Mwaka 1987 nilikuwa kipa wa timu ya kiwandani Morogoro, nikapata mtu wa kunipeleka Muscat, nikakataa kwa sababu ya mchumba. Mchumba mwenyewe akaolewa na mwenye basi la Kilosa, nami kila nilipopanda basi lile nililipa nauli kamili.

Bi Mkubwa wa Tanga: Mwanangu, umetaja mshahara, umetaja bima, lakini hukusema nani atabaki na mama. Mdogo wangu alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, akasema ni mwaka mmoja. Leo ni wa saba, na mama yetu tulimzika yeye akiwa anatazama kwa simu. Fedha ya ugenini ina utamu wake, sikatai, ila ujiulize kwanza huyo mgonjwa atamwita nani usiku.

Wakili wa Mtaani: Ndugu mleta uzi, pamoja na huruma zote zilizotolewa hapo juu, kanuni za FIFA zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi, kwa hiyo, ukiona sharti la namna hiyo katika mkataba wako, ujue aliyeuandika hajui kazi yake au anaijua kupita kiasi. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujashika mkataba uliosainiwa na klabu yenyewe. Baada ya hapo nataka kujua: hilo jambo dogo la makaratasi ni lipi?

Mlinda Lango: Asanteni. Bi Mkubwa, mama atabaki na dada yangu. Hayo makaratasi ni ya kawaida tu, pasipoti na vitu kama hivyo, tusiyakuze. Ninachoomba ni ushauri kuhusu ajira.

Kipa Mstaafu: Mdogo wangu, mimi nilidaka miaka kumi na moja kabla goti halijaniambia basi. Mtu akisema makaratasi ni ya kawaida bila kuyataja, huwa si ya kawaida. Una umri gani?

Mlinda Lango: Dada, umri unahusiana vipi na kuacha kazi?

Kipa Mstaafu: Nimeuliza tu. Nitauliza tena.

Mlinda Lango: Haya. Nilizaliwa mwaka 1998, lakini leseni yangu ya mchezaji inasema 2002. Nilipokuwa katika kituo cha kulea vipaji, kiongozi mmoja aliniandikisha hivyo ili nicheze mashindano ya vijana, na wakati ule hakuna aliyeniuliza ninapenda au sipendi. Namba yangu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inaanza na mwaka wa kweli. Wakala anasema klabu haichukui mchezaji aliyezidi miaka 25, hivyo nile kiapo mahakamani kwamba nilizaliwa 2002, NIDA irekebishwe, kisha niombe pasipoti kwa tarehe hiyo. Gharama zote ni shilingi 1,200,000 na nimeshalipa 700,000. Kabla hamjanishambulia, tuambizane ukweli: nani katika mpira wa nchi hii ana umri mmoja tu?

Fundi Saa: Utanaswa na kile kipimo cha kifundo cha mkono. Wanaukagua mfupa kwa mashine na umri wote unaonekana.

Wakili wa Mtaani: Fundi, baki na saa zako. FIFA walianza kutumia kipimo hicho katika Kombe la Dunia la wavulana wa chini ya miaka 17, Nigeria, mwaka 2009, na kinaangalia kama mfupa umekwisha kuungana. Kwa mtu mzima umeungana zamani, kwa hiyo hakiwezi kutofautisha miaka 23 na 27. Kitakachomnasa huyu dada ni karatasi, kwa sababu kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na atakayeshitakiwa ni aliyeapa. Hati inayosema uongo ni leseni ya mchezaji, halafu anataka kuiharibu NIDA ili ifanane nayo!

Kipa Mstaafu: Kinachoniuma zaidi ni kwamba uongo wenyewe hauna faida. Mshambuliaji wa miaka 27 anaweza kuhofia umri, lakini kipa wa miaka 27 ndiyo kwanza anaanza kujua lini atoke kufuata krosi na lini abaki mstarini. Nadine Angerer wa Ujerumani alichaguliwa mchezaji bora wa dunia wa mwaka 2013 akiwa na miaka 35. Essam El-Hadary wa Misri alipangua penalti katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, tena penalti hiyo ilipigwa na Saudi Arabia, kwa hiyo huko Uarabuni wanaelewa vizuri kipa mwenye umri ni kitu gani. Hapa nyumbani watu walikuwa wameshamzika Juma Kaseja kisoka, akaitwa tena timu ya taifa mwaka 2019, tukaitoa Burundi kwa penalti. Hilo sharti la miaka 25 umelisikia kwa klabu au kwa wakala?

Mlinda Lango: Kwa wakala. Sijazungumza na klabu moja kwa moja.

Shuhuda: Naomba nisimame hapa. Akaunti hii imefunguliwa juzi. Mtu amecheza ligi kuu misimu sita na hana pasipoti, wakala anajua kila kitu, klabu haina jina, na Kiswahili kimenyooka kuliko cha gazeti. Wakuu, tunashauri hadithi. Huyu ama ni mwandishi anayetafuta habari za umri, ama ni wakala mwenyewe anayepima kama wateja wake wataamka.

Mzee wa Gerezani: Kama ni hadithi, nirudishiwe nauli yangu ya Kilosa.

Fundi Saa: Mimi nilihisi tangu mwanzo.

Bi Mkubwa wa Tanga: Hukuhisi chochote wewe, ulikuwa unapima mifupa.

Kipa Mstaafu: Tusibishane. Mleta uzi, ukipewa glovu mpya leo na mechi ni kesho, unafanya nini?

Mlinda Lango: Nazifua kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, nikiwa nimezivaa, nasugua kiganja kwa kiganja mpaka ule utelezi wa kiwandani utoke. Nazianika kivulini, kwa sababu jua hukausha ule mpira wa kiganjani ukapasuka. Kabla ya mechi nazilowanisha kidogo, maana zikiwa kavu haziushiki mpira. Mazoezini navaa za zamani, kwa kuwa kiwanja chetu kina changarawe na jozi haimalizi mwezi. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikunjiki, hivyo nakifunga plasta pamoja na jirani yake. Kuhusu pasipoti, Shuhuda, misimu minne kati ya hiyo sita nilikuwa kipa wa tatu. Timu ikisafiri, kipa wa tatu hubaki kuchunga mabegi ya walioachwa. Msimu huu aliumia wa kwanza, nikadaka, nikaokoa penalti mbili katika mechi moja, na video ya mechi hiyo ndiyo wakala aliyoituma. Nina kitu hicho kimoja tu cha kuonyesha.

Kipa Mstaafu: Huyu ni kipa. Shuhuda, mwache.

Shuhuda: Sawa, glovu nimeziamini. Klabu bado.

Wakili wa Mtaani: Basi tulia unisikilize. Tangu Oktoba 2023 wakala anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yapo wazi kwenye tovuti yao. Mwombe namba yake, pamoja na barua kutoka anwani rasmi ya klabu. Leseni yako ya mchezaji irekebishwe kupitia shirikisho, kwa sababu ndilo litakalotoa hati ya uhamisho wa kimataifa.

Mlinda Lango: Nikienda shirikisho kusema nilizaliwa 1998, yale mashindano ya vijana yatafukuliwa, na wasichana niliocheza nao hawana kosa. Wengine bado tuko nao chumba kimoja kambini. Ninyi mnaona ni tarehe tu. Halafu 700,000 zangu hazirudi. Wakala ananisubiri mahakamani Jumatatu saa tatu asubuhi, na bado nafikiri nitakwenda, ila nitamuuliza namba ya leseni kabla sijaapa.

Kipa Mstaafu: Muulize leo, mdogo wangu. Leo ni Ijumaa, simu unayo mkononi.